Lakabu za Wapagazi: Siku za Kwanza za Safari katika Tippu Tip na Roosevelt

Wahakiki wa fasihi ya safari aghalabu huanza kazi yao pale msafiri anapofika. Makala haya yanadai kwamba panapostahili kuchunguzwa kwanza ni pale anapoondoka, kwani mwanzo wa ngoma ni lele. Katika kurasa za mwanzo ndipo mizigo inapofungwa na kuhesabiwa, na ndipo msomaji anapoweza kuuliza swali ambalo baadaye hufunikwa na milima, mito na wanyama: ni nani anayebeba? Tutalichunguza swali hilo katika matini mbili ambazo ni nadra kuwekwa pamoja: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, na African Game Trails ya Theodore Roosevelt, iliyotoka mwaka 1910.

Roosevelt alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kuacha urais wa Marekani. Alipanda garimoshi la Reli ya Uganda kuelekea bara, na kwa sehemu ya njia akakaa kwenye benchi lililowekwa mbele ya injini. Benchi hilo ndilo msingi wa mtazamo wake wa kiusimulizi. Kutoka hapo nchi nzima inakuwa mandhari inayomjia, na sura ya kwanza inaigeuza safari ya reli kuwa safari ya kurudi katika zama za kale kabisa za dunia. Reli yenyewe ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 kwa jasho la maelfu ya vibarua waliotoka India, lakini kwa aliyeketi mbele ya injini jasho hilo halionekani. Alipoteremka katika stesheni ya Kapiti, kambi ilikuwa tayari na wapagazi wapatao 200 walikuwa wakimngoja. Kwa msimulizi huyu, safari huanza wakati kazi ya kuianzisha imekwisha kufanywa na wengine.

Tippu Tip hana kambi inayomngoja. Anaanza akiwa kijana mdogo katika biashara ya sandarusi, na baadaye anasafiri kwa mali aliyokopa kwa wafanyabiashara wa Unguja, akiwemo Taria Topan. Mali ya mkopo haiwezi kukaa pwani. Ni lazima isonge. Kwa hiyo, alipokwama kwa kukosa wapagazi, aliingia Uzaramo, akakamata watu 800 kwa muda wa siku tano, akawafunga pamoja, na mizigo ikaondoka. Kifani, tukio hili linasimuliwa kwa mfululizo wa vitenzi vya -ka-, ambavyo kwa kawaida yake husukuma kitendo kimoja juu ya kingine bila kumpa msimulizi nafasi ya kutua na kupima alilolitenda. Roosevelt huficha kazi kwa wingi wa maelezo. Tippu Tip huificha dhuluma kwa kasi ya masimulizi.

Hapa hatuna budi kujihadhari na kishawishi kinachotukabili sisi wahakiki wa Kiswahili. Tangu neno letu lilipoingia Kiingereza katika karne ya 19, na hatimaye kuuzwa kwa watalii, tumezoea kuiweka matini ya mwenyeji dhidi ya ile ya mgeni, kana kwamba kuandikwa kwa Kiswahili ni ushahidi tosha wa kuwa upande wa wanyonge. Watu 800 waliofungwa Uzaramo wanaukanusha usomaji huo. Roosevelt anawaona wapagazi kuwa na tabia ya kitoto inayomfanya awapende. Tippu Tip hana haja hata ya kuwapenda.

Je, wapagazi wenyewe wamenyamazishwa kabisa? Tunachodai hapa ni kwamba wameacha alama moja katika matini zote mbili, nayo ni lakabu. Wazaramo walimwita Tippu Tip Kingugwa, wakimfananisha na mnyama anayeshambulia huku na huko bila kuchagua. Katika msafara wa Roosevelt, yeye aliitwa Bwana Makuba, neno lililoandikwa jinsi sikio lake lilivyolipokea, na mwanawe Kermit akaitwa Bwana Merodadi, ambalo bila shaka ni Bwana Maridadi. Roosevelt anayapokea majina haya kama mapambo ya kambini. Lakini kumwita mwindaji maridadi, mbele ya watu wanaobeba masanduku yake, si sifa tupu. Vivyo hivyo, Tippu Tip ananukuu Kingugwa kama cheti cha ushujaa wake, ilhali waliolitunga jina hilo walikuwa wakitoa hukumu.

Yamkini atatokea wa kupinga kwamba lakabu hizi zimetufikia kupitia vinywa vya mabwana wenyewe, na kwa hiyo haziwezi kuaminiwa. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, msimulizi anayejisifu kwa jina alilopewa hulazimika kulihifadhi pamoja na maana asiyoitaka. Jina hutungwa na hadhira, si na mhusika, na maana yake hubaki mikononi mwa wale wanaolielewa lugha yake. Msomaji wa Kiswahili anasikia katika Merodadi kicheko ambacho huenda Roosevelt hakukisikia.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaochagua mada za utafiti, hapa pana kazi ya kufanywa. Masimulizi ya misafara yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 chini ya anwani Safari za Wasuaheli yanastahili kusomwa kwa jicho hili: nani anaitwa nani, na nani, siku ya mizigo kufungwa, alimpa jina hilo.