Kutambua Kazi Safi Kwenye Makufuli ya Linux

Simu ya Android inayotumika Mwamapalala, wilayani Itilima, kuangalia kama malipo ya pamba yameingia, inaendeshwa na kiini cha Linux, kilekile kinachobeba kompyuta kubwa za vituo vya data. Ndani yake prosesa kadhaa hufanya kazi kwa wakati mmoja, na data inayobadilishwa na zaidi ya mmoja hulindwa na kufuli: aliyelishika anaendelea, wengine wanasubiri. Kupunguza kusubiri huko ni ufundi mzito, na humo kuna kazi safi na kuna kazi ya kulipua.

Anayejua kuitathmini haanzi kwa kuuliza makufuli mangapi yameongezwa. Anauliza ni data ipi ambayo bado inagombewa. Kituo cha kununulia pamba chenye mzani mmoja hakipunguzi foleni kwa kuongezewa milango. Wakulima watakutana palepale mzanini. Viraka vingi, yaani mabadiliko yanayopendekezwa kwenye msimbo, hukosea hapo. Kufuli kubwa linavunjwa kuwa madogo kumi, kisha kila anayeshika dogo lake anakwenda kuongeza hesabu moja ya pamoja.

Linux 2.0, ya mwaka 1996, ilipoanza kutumia prosesa zaidi ya moja, kufuli moja kuu lililinda kiini kizima. Mabaki yake ya mwisho yaliondolewa mwaka 2011, toleo la 2.6.39. Miaka 15! Ugumu ulikuwa kujua kila mahali kufuli lile lilikuwa linalinda kitu gani hasa. Ndiyo maana mimi hutafuta kwanza maelezo mafupi juu ya kila kufuli jipya: linalinda hiki na hiki, basi. Yasipokuwepo, sikiamini kiraka hicho hata kiwe na kasi ya namna gani.

Kisha tazama jinsi data ilivyopangwa kwenye kumbukumbu. Prosesa haichukui namba moja moja. Huchukua mstari mzima, kwa kawaida baiti 64. Ukiweka kufuli linalogombewa jirani na data inayosomwa na kila mtu, kila anayeligusa kufuli anawapokonya wasomaji mstari wao, ingawa hawakuwa na haja nalo. Watafiti wa MIT walipoipima Linux kwenye mashine ya prosesa 48 mwaka 2010, sehemu kubwa ya vizuizi walivyokuta ilikuwa ya jamii hii: data ya pamoja na hesabu zinazoguswa na wote. Kwa hesabu hizo, dawa ilikuwa kila prosesa kuwa na akiba yake.

Kuboresha kufuli lenyewe ni hatua ya chini zaidi. Mwaka 2008 Linux ilianza kuwapa wanaosubiri tiketi, wa kwanza ahudumiwe kwanza. Haki ilipatikana, lakini wote waliendelea kukodolea macho namba moja. Toleo la 4.2, la 2015, lilimpa kila anayesubiri mahali pake pa kutazama, kwa wazo la Mellor-Crummey na Scott la mwaka 1991. Ni kazi nzuri, ila foleni ingali foleni. Mbinu ya RCU, ya Paul McKenney na wenzake, iliyoingia kwenye Linux mwaka 2002, inakwenda mbali zaidi: msomaji hashiki kufuli kabisa, na mwandishi hutengeneza nakala mpya, kisha husubiri wasomaji wa zamani wamalize ndipo aifute ya zamani. Inafaa panaposomwa sana na kuandikwa kidogo. Ukiiona panapoandikwa kila mara, uliza kwa nini.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya Suren Baghdasaryan, toleo la 6.4 la mwaka 2023. Zamani, programu ya nyuzi nyingi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani yake, ilipofunguka simuni, nyuzi zote ziligombea kufuli moja la kumbukumbu ya programu nzima. Sasa kila eneo la kumbukumbu lina kufuli lake; uzi ukishindwa kulishika, unarudi kwenye njia ya zamani bila fujo. Mwandishi akimaliza, anaongeza namba moja tu na maeneo yote aliyoyafunga yanafunguka kwa mpigo. Hata hivyo muda mfupi baadaye iligundulika kwamba data iliweza kuharibika programu ilipojizalisha nakala, kwa sababu maeneo ya mzazi hayakufungwa. Kwa hiyo usihukumu kufuli kwa njia iendayo kasi pekee. Fuata njia zinazopitwa mara chache.

Vipimo ni vya mwisho, na viwe viwili: lock_stat ikuonyeshe muda wa kusubiri kabla na baada, na lockdep, inayoonya makufuli yanaposhikwa vibaya, iwe imewashwa ikakaa kimya. Pima pia kwenye mashine ndogo, kwa kuwa kiraka kinachofurahisha prosesa 64 na kuichelewesha simu yenye nne hakijakamilika.

Msimbo wote uko wazi kwa kila mtu. Kijana wa Bariadi mwenye kompyuta na kifurushi cha intaneti, pakua toleo la 6.4, fungua mm/memory.c, tafuta lock_vma_under_rcu, inayojaribu kushika kufuli la eneo, na usome mpaka uweze kutaja kila mahali inapokata tamaa na sababu yake.