Acha Ndama Aanze

Mjomba wangu hakuwahi kumkamua ng'ombe kabla ndama hajafika. Alfajiri, kwenye mlima unaoitazama Nyabiondo, kwetu Masisi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, alimfungua ndama, akamwacha agonge kiwele kwa pua na kunyonya mara chache, kisha akamvuta na kumfunga karibu na kifua cha mama yake ili mama aendelee kumramba. Hapo ndipo alipochuchumaa na ndoo. Nilipomharakisha alinijibu bila kugeuka: "Acha ndama aanze, mtoto yangu." Na alipoanza kukamua, mtu yule mpole aligeuka kuwa na haraka ya ajabu. Hakusema na mtu mpaka amalize.

Miaka mingi baadaye nilimkuta ndama yule ndani ya kitini cha somo la fiziolojia ya mamalia. Maziwa mengi, kama yalivyoeleza maandishi yale, hayakai kwenye chuchu wala juu yake. Yamehifadhiwa katika vifuko vidogo sana ndani kabisa ya kiwele, mahali ambapo mkono wa mkamuaji hauwezi kuyafikia. Pua ya ndama inapogusa chuchu, neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo hadi ubongoni. Tezi ndogo iliyoning'inia chini ya ubongo huachilia oksitosini. Damu huibeba, na kwa muda wa kama dakika moja imekwisha kufika kwenye kiwele. Huko, seli zilizokizunguka kila kifuko kama wavu hujikaza na kuyasukuma maziwa yashuke. Lakini oksitosini haidumu. Baada ya dakika chache nguvu yake imekwisha. Nilipofika kwenye sentensi hiyo niliweka kalamu chini. Mjomba alikuwa akifanya kazi ndani ya dakika hizo, na aliujua urefu wake bila saa.

Nimeisifu fiziolojia mbele ya watu wengi, na wengi hunijibu kwamba anatomia ni ngumu zaidi, ina majina mengi. Ni kweli. Anatomia hukuonyesha nyumba na vyumba vyake. Fiziolojia inakutaka uingie wakati wenye nyumba wamo ndani, wanapika, wanaongea, na usiwakatize. Ugumu wake uko hapo, na utamu wake uko hapohapo. Ukimwua mnyama, swali lako limekufa naye. Ukimtisha, atakujibu swali ambalo hukumwuliza.

Hilo la pili nililijifunza kwa mbuzi. Katika somo letu la kwanza la vitendo kuhusu moyo nilipewa mbuzi jike nimhesabie mapigo. Nilimfukuza uwanja mzima, nikamkamata, nikambana kwa goti, nikatia vidole ndani ya paja pale mshipa unapopita, nikahesabu. Namba ikawa kubwa mno. Nilimpelekea asistanti wa somo daftari langu kwa fahari. Akalisoma, akanitazama jasho, akaniuliza taratibu: "Umepima mbuzi, ama umepima mbio zako?"

Kuanzia siku ile alitufundisha kukaa. Unaingia zizini, unakaa. Pumzi unazihesabu kwanza, kwa mbali, ukitazama ubavu ukipanda na kushuka, kwa sababu ukishamgusa tu zinabadilika. Baadaye ndipo vidole, na vidole visibane. Kwa ng'ombe unatafuta mshipa chini ya mkia. Kisha unaweka ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, na kungoja tumbo la kwanza lijikunje: wimbi linaisukuma ngumi nje polepole, linarudi, na kwa ng'ombe mwenye afya linakuja mara moja au mbili kwa dakika. Ndani ya tumbo lile mna lita zaidi ya mia moja za majani, maji na vijidudu visivyohesabika vinavyovunjavunja kile ambacho sisi hatuwezi kukila. Mate pekee ng'ombe humeza zaidi ya lita mia moja kwa siku. Hayo yote nilikuwa nimeyakariri. Sikuyaamini mpaka ngumi yangu iliposukumwa.

Wanafiziolojia wana neno wanaloliheshimu kuliko yote: hali ya mapumziko. Kila namba ya kwanza kitabuni, mapigo 60 hadi 80 ya ng'ombe mzima, joto lake la nyuzi 38.5, imepimwa mnyama akiwa ametulia. Bila hiyo huwezi kusema lolote juu ya ugonjwa, kazi au hofu, kwa kuwa huna pa kuanzia kuhesabu.

Mwaka 1941 huko Marekani, Fordyce Ely na W. E. Petersen walimfanyia ng'ombe jambo la kumshtua wakati wa kukamuliwa: walipasua mifuko ya karatasi karibu naye. Maziwa yakagoma kushuka. Adrenalini, kemikali ya hofu, huibana mishipa ya damu ya kiwele na kuizuia oksitosini isifanye kazi yake. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka asubuhi ambazo risasi zilisikika upande wa barabara ya Walikale, na ndoo ikarudi nyumbani na maziwa ya kikombe kimoja. Tulidhani ng'ombe amekasirika, au amerogwa. Mjomba peke yake alisema ameogopa, basi, tumwache. Katika Masisi, mahali ambapo mifugo imeporwa na watu wamehama mara ngapi sijui, nafikiri hakuna elimu inayotuhusu zaidi ya ile inayoweza kuonyesha, kwa ndoo na saa, hofu inachukua nini mwilini.

Na fiziolojia haihitaji mashine nyingi. William Harvey, mwaka 1628, alitoboa siri ya mzunguko wa damu kwa kitambaa, kidole na hesabu. Sisi tulilirudia jaribio lake kwa kipande cha kitenge: unakifunga juu ya kiwiko, mishipa ya mkono inavimba, unabonyeza mmoja kwa kidole na kuikamua damu kuelekea juu kwa kidole cha pili. Mshipa unabaki mtupu. Damu haikubali kurudi chini, kwa maana ndani mna vilango vinavyofunguka upande mmoja tu. Harvey aliongeza hesabu: hata ukikadiria kidogo kabisa kinachotoka kwa kila pigo, katika nusu saa moyo unasukuma damu nyingi kuliko yote iliyomo mwilini. Basi lazima ni ileile inayozunguka. Nililirudia nyumbani wakati wa likizo na kuwaonyesha wadogo zangu jioni, kwa mwanga wa kibatari, na walifungana mikono mpaka wakalala.

Ufundi huu una mabwana zake karibu nasi pia. Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na C. Richard Taylor wa Harvard na wenzao, waliwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba mzigo utosini na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Walipima oksijeni wanayotumia wakitembea. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1986: hadi mzigo wa sehemu ya tano ya uzito wao, oksijeni haikuongezeka hata kidogo. Mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 kana kwamba hakubeba kitu. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza sababu: mwendo wao unabembea kama timazi, na wakiwa na mzigo, nguvu inayopotea katika kila hatua hupungua. Zaidi ya sehemu hiyo ya tano, gharama inaanza kupanda.

Mama yangu hubeba kwa ukanda wa paji la uso, na mzigo wake wa mihogo siku ya soko si wa sehemu ya tano tu. Likizo ile nilimngojea mlangoni na saa.

"Mama, naomba mkono."

"Wa nini tena?"

"Wa masomo."

Alitua kitunga, akaketi kwenye kigoda, akaninyooshea mkono huku akiwatuma watoto maji. 132. Baada ya dakika moja, 104. Baada ya mbili, 96. Nilimwomba akae dakika tano nyingine, anyamaze tu, ili nipate ile namba ya mapumziko. Alinikubalia. Dakika ya tatu akainuka kuwasha moto.

Ukurasa ule ninao mpaka leo. Namba tatu, na chini yake mstari ambao haukujazwa.