Meja Melody na Lafudhi ya Ziwani

Tamthiliya ya A Touch of the Poet, ambayo kwa Kiswahili naikaribia kwa jina la "Chembe ya Ushairi", ni kazi ya Eugene O'Neill, Mmarekani ambaye baba yake alizaliwa Ireland. Ilionyeshwa mara ya kwanza Stockholm mwaka 1957, miaka minne baada ya mtunzi kufariki.

Cornelius Melody, mhamiaji wa Ireland, anamiliki kilabu cha pombe karibu na Boston mwaka 1828. Baba yake alikuwa muuza pombe aliyetajirika, akanunua ardhi na kumlea mwanawe kibwana. Mwana akawa meja katika jeshi la Uingereza, akapigana Talavera mwaka 1809. Sasa amebaki na sare, kioo cha kujitazamia na farasi jike asiyekosa chakula hata duka linapodai. Mkewe Nora anapika. Binti yao Sara anahudumia wateja.

Sara anapendana na kijana wa tajiri Harford. Tajiri anamtuma wakili na fedha ili familia ihame. Melody anakwenda kumtaka wapigane kwa bastola, lakini anapigwa na watumishi na polisi. Anarudi, anamuua farasi, na tangu hapo anasema kwa lafudhi ya wakulima wa Ireland aliyoificha miaka yote. Sara, aliyeyachukia majivuno yake, anamsihi awe Meja tena.

Hapo ndipo mfasiri hukwama. Ninaishi Mwanza, na jibu la haraka lilinijia: Melody aanze na Kiswahili cha pwani, kisha aangukie cha ziwani, kile kinachobadilishana r na l, kama tukisikiavyo mwaloni Kirumba penye dagaa. Niliwasomea jamaa zangu. Walicheka tangu neno la kwanza. Nikajua nimeshindwa, kwani vichekesho vyetu vimetuzoesha kuiona lafudhi ya bara kuwa mzaha, ilhali O'Neill anataka tulie pamoja na Sara.

Tena, kwa kufasiri hivyo nilikuwa nimeukubali mzani wa Melody mwenyewe, kwamba usemi wa mkulima ni shimo la kutumbukia. Tamthiliya haisemi hivyo. Nora ana lafudhi ileile tangu mwanzo, na ndiye mwenye upendo na fahari ya kweli katika nyumba ile. Melody anapoichukua anaitia chumvi. Ni sare nyingine tu, amevaa ili kujiadhibu.

Basi dawa ni Nora. Apewe Kiswahili cha ziwani tangu onyesho la kwanza, kizito kwa utu, bila neno moja la kuchekesha. Hadhira ikishajifunza kukiheshimu kinywani mwake, itaumia kukisikia kikichezewa na mumewe.

Msomaji wa visiwani hahitaji kwenda Boston kulijua jeraha hili. Ebrahim Hussein alilionyesha katika Mashetani, mwaka 1971, kwa familia iliyoporomoka baada ya Mapinduzi ya 1964 huku nyingine ikipanda. Lakini O'Neill anatuongezea swali linalotuhusu sisi wapenzi wa tungo. Tunapojivunia usafi wa lugha yetu mbele ya mtu wa bara, je, tunaipenda lugha, au tunajitazama kiooni?