Lafudhi, Sare na Aibu: Charles Bukeko na Futuhi ya Televisheni nchini Kenya

Charles Bukeko alifariki Nairobi tarehe 18 Julai 2020 kwa ugonjwa wa UVIKO-19, akiwa na umri wa miaka 58, na akazikwa kwao katika Kaunti ya Busia. Taifa lilimwomboleza kwa jina la mhusika aliyembuni, Papa Shirandula, na katika rambirambi nyingi alisifiwa kwanza kwa lafudhi yake ya Kiluhya. Sifa hiyo ina ukweli, lakini inaficha jambo kubwa zaidi. Makala haya yanashikilia kwamba kiini cha ucheshi wa Bukeko kilikuwa aibu ya kazi, na kwamba lafudhi ilikuwa vazi tu lililoivisha aibu hiyo.

Yafaa kuanza na waliomtangulia. Katika kipindi cha Vitimbi, kilichorushwa na shirika la utangazaji la serikali, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, aliigiza kama Mzee Ojwang', mzee wa Kijaluo. Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Dholuo haina sauti /ʃ/, kwa hivyo kinywani mwa Ojwang' shida iligeuka sida na shamba likawa samba. Watazamaji waliozoea kumwona kwa miaka mingi hawakujali kwamba ulimi huo ulikuwa wa kuazima, na huenda ndiyo sababu Wajaluo wengi walimpokea kama wao. Mtu wa kabila moja alijivika lugha ya kabila jingine hadharani, tena bila chuki. Katika historia ya siasa za Kenya, hilo si jambo la kupuuzwa.

Bukeko alifuata njia tofauti. Mizizi yake ilikuwa Uluhyani, na lafudhi aliyoitumia aliitoa nyumbani. Jina la mhusika lenyewe ni somo la fonolojia. Katika baadhi ya lugha za Kiluhya, papa ni baba. Kwa msikilizaji wa Kiswahili sanifu, ni baba aliyetamkwa visivyo, au samaki mkali wa baharini. Neno moja linasikika kwa masikio matatu. Tena lina mantiki. Lubukusu, kwa mfano, haina vipasuo ghuna /b, d, g/ isipokuwa vinapotanguliwa na nazali. Msemaji atakayeathiriwa na mfumo huo atasema tata kwa dada na kari kwa gari, lakini mbaya haitageuka mpaya, wala ndizi haitakuwa ntizi. Ndiyo maana Shirandula hubaki na nd yake. Mwigaji wa mitaani hulijua nusu tu la jambo hili: huondoa ghuna kila mahali, hata baada ya nazali, na hapo hugundulika kwamba anadhihaki lugha asiyoijua. Tofauti kati ya kuiga na kudhihaki, kwa hiyo, si suala la nia peke yake. Inaweza kusikika.

Hata hivyo, mtu akiondoa lafudhi yote, kisa cha Papa Shirandula hakianguki. Kipindi hicho kilianza kurushwa na Citizen, kituo cha binafsi, mwaka 2007. Shirandula ni soja, yaani mlinzi wa lango, lakini mkewe, Wilbroda, anaamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisi. Mume hutoka nyumbani amevaa suti, akifika kazini huivua na kuvaa sare. Jioni mambo hugeuzwa tena. Mzaha wote umo katika mabadiliko hayo ya nguo. Nairobi ina maelfu ya walinzi wanaofungua mageti ya watu wasioyajua majina yao, na wengi wamesafiri kutoka mbali kuja kuifanya kazi hiyo. Bukeko aliandika kwa ajili ya watu hawa bila kuwahurumia kwa sauti ya juu. Shirandula hafukuziliwi mbali na jamii kwa sababu ni Mluhya. Anaogopa kudharauliwa kwa sababu ni maskini. Kwamba mtazamaji huchanganya mambo haya mawili ni kosa la mtazamaji, na kipindi kinalitegemea kosa hilo ili kiweze kumchekesha.

Ushahidi mwingine uko nje ya kipindi. Katika tangazo la Coca-Cola lililotazamwa katika nchi nyingi za Afrika, Bukeko anakunywa soda na mwili wake mkubwa unatetemeka kwa baridi huku akitoa sauti ya brrr. Hapo lafudhi haina kazi yoyote, na bado watu walicheka. Amri Athumani wa Tanga, maarufu kama Mzee Majuto, aliyefariki mwaka 2018, alijenga jina katika mazingira ambayo Kiswahili ni lugha ya nyumbani, akategemea uso, ukaidi na ujanja wa mzee. Bukeko alikuwa karibu na Majuto kuliko wahakiki wanavyokubali.

Mwaka ambao Papa Shirandula ilianza ndio mwaka uliomalizika kwa uchaguzi na umwagaji damu wa kikabila ulioendelea hadi mwanzoni mwa 2008. Mwaka huo huo wa 2008 ilipitishwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na matamshi ya kikabila yakawa jambo la mahakama. Kuendelea kuchekesha kwa lafudhi katika mazingira hayo kulihitaji uangalifu, na kipindi hakikuwa nao sikuzote. Kadiri miaka ilivyosonga ndivyo wahusika walivyoongezeka, kila mmoja na kabila lake mdomoni, Otoyo akiwa mfano wa karibu. Baadhi ya sehemu zilifanana na gwaride la makabila: mhusika anaingia, anatamka, watu wanacheka, anatoka. Hapo mlinzi na aibu yake husahaulika, na uandishi hulegea. Wilbroda naye alistahili zaidi ya alichopewa. Yeye ndiye anayedanganywa kila siku, lakini mara nyingi hati ya kipindi humpa kelele na tamaa tu, kana kwamba uongo wa mume ni kosa la mke aliyetaka makubwa. Jacqueline Nyaminde, aliyemwigiza, aliokoa mengi kwa macho na kwa kunyamaza mahali ambapo maneno hayakumsaidia.

Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, baada ya miaka mingi ya kuwa lugha ya taifa pekee. Ni rahisi kuiweka lafudhi ya namna ya Shirandula chini ya kichwa cha makosa. Kwa mlinzi aliyetazama Citizen baada ya zamu, hicho ndicho Kiswahili alichokitumia kumwambia mwajiri wake kwamba mshahara umechelewa.