Zima Skrini, Usikilize Somo

Ukitaka kujua kama somo la mtandaoni limetengenezwa vizuri, zima skrini, weka kipanya pembeni, uvae vipokea sauti. Programu ya NVDA, inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini ya kompyuta na iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, hupatikana bila malipo. Kwenye simu za Android ipo TalkBack.

Anza kwa kubonyeza herufi H. NVDA itaruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, na hapo ndipo asiyeona anapopata ramani ya somo zima, kama mwenye macho anavyoipata kwa kutupa jicho ukurasani. Ukiambiwa hakuna kichwa kinachofuata, ilhali ukurasa umejaa maandishi makubwa yaliyokolezwa, jua mtengenezaji alikuza herufi tu, hakuviweka vichwa kama vichwa. Somo hilo sasa ni kama kaseti: anayetafuta sehemu ya nne hana budi kuzisikiliza tatu za mwanzo.

Picha ndizo zinazomfichua fundi. Niliwahi kusikiliza somo la baiolojia ambalo picha ya moyo, kwa kukosa maelezo, ilisomwa kwa jina la faili, herufi na tarakimu tupu. Somo jingine lilisema “picha ya moyo wa binadamu”, nalo halikufundisha kitu. Maelezo mazuri hubeba kile ambacho picha iliwekwa ili ikifundishe: “Damu kutoka mapafuni huingia atiria ya kushoto, hushuka ventrikali ya kushoto, kisha husukumwa kwenye aota.” Sentensi moja, na mwanafunzi anaiona njia ya damu. Picha hiyohiyo ikiwa kwenye mtihani, maelezo yabadilike yasije yakatoa jibu. Na ikiwa ni pambo tu, maelezo yaachwe wazi kwa makusudi ili programu iipite kimya. Kujua lini unyamaze ni ustadi mkubwa kuliko kueleza kila kitu.

Kisha tega sikio kwenye lugha. Ukurasa wa Kiswahili usipotambulishwa kwa alama “sw”, sauti inaweza kuyasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na hata “mmea” ukageuka fumbo. Ni marekebisho ya dakika moja, na inauma kuona yanavyosahauliwa.

Kwenye jedwali, tembea seli kwa seli ukishika Ctrl na Alt pamoja na vishale. Ukisikia “42” peke yake, jedwali ni bovu. Ukisikia “Machi, milimita 42”, vichwa vya safu vimefungwa sawasawa. Viungo vyote vikiitwa “bofya hapa”, au video ikisema “kama mnavyoona” pasipo kutaja kinachoonekana, punguza alama. Hati iliyoskaniwa kama picha tupu haina hata cha kupunguzia.

Jaribio la mwisho wa somo ndilo mimi hulipa uzito kuliko yote, kwa sababu hapo mwanafunzi huwa peke yake. Maswali ya kuburuta jibu kwa kipanya humfungia mlango. Ya kuchagua kwa vishale vya kibodi humfungulia. Kosa lisioneshwe kwa rangi nyekundu tu. Abonyeze Wasilisha, na palepale asikie: “Jibu la swali la tatu si sahihi. Rudi kwenye swali la tatu.”