Tone Hung'oa, Maji Hubeba

Katika milima ya kati ya Nepal, mahindi hulimwa kwenye bari, yaani matuta ya ngazi yanayotegemea mvua. Mpunga huwa chini bondeni, kwenye majaruba ya khet yenye kingo na maji ya mfereji. Takriban asilimia 80 ya mvua ya mwaka hunyesha kati ya Juni na Septemba. Je, udongo unaochafua mito unatoka wapi hasa?

Fomula maarufu ya Wischmeier na Smith ya kukadiria mmomonyoko wa udongo ilitokana na vipimo vya mashamba ya Marekani. Kipande chake cha kulinganishia kina mteremko wa asilimia 9 tu, na Himalaya si mahali pake.

Alipochunguza bonde la Likhu Khola, kaskazini mwa Kathmandu, mtafiti D. P. Shrestha alitumia modeli ya Morgan, Morgan na Finney ya mwaka 1984. Modeli hiyo hupiga hesabu mbili. Kwanza, matone ya mvua yanaweza kung'oa udongo kiasi gani, majani yakishapunguza kishindo chake? Pili, maji yanayotiririka juu ya ardhi yanaweza kubeba kiasi gani? Hapa mtiririko huzidishwa kwa wenyewe: ukiongezeka maradufu, uwezo wa kubeba hupanda mara nne. Kisha huchukuliwa jibu lililo dogo, kwa sababu udongo uliong'oka bila mbebaji haufiki mtoni, na maji hayabebi kisichong'oka.

Hapo ndipo penye thamani ya modeli hiyo. Jibu dogo likiwa la matone, dawa ni kuufunika udongo. Likiwa la mtiririko, dawa ni kuyazuia maji.

Matokeo ya 1997 yalitofautiana mno. Bari, ambayo matuta yake huinamia nje, ilipoteza hadi tani 56 kwa hekta kwa mwaka. Msitu mnene, chini ya tani moja. Khet nayo ilipoteza kidogo sana, kwa kuwa kingo zake huunasa udongo.

Hata hivyo, modeli hii hujumlisha mwaka mzima. Dhoruba chache za kabla ya monsuni, zinazoikuta bari ikiwa tupu kabla mahindi hayajatanda, humezwa ndani ya jumla hiyo ingawa madhara yake ni makubwa. Maporomoko ya ardhi hayamo kabisa. Kwa hiyo tope linalopimwa mtoni haliwezi kugeuzwa moja kwa moja kuwa deni la mkulima wa mahindi.