Muamala ambao mteja hakufundishwa: somo la majaribio ya M-Pesa

Historia ya M-Pesa husimuliwa kuanzia Machi 2007, ilipozinduliwa Kenya. Anayetaka kujua uhitaji wa wateja hupimwa vipi kabla mtaji mkubwa haujazama, aanzie Oktoba 2005, majaribio yalipoanza. Wakati huo huduma ilikuwa na wateja wasiofika 500, mawakala wachache, na lengo tofauti kabisa na lile lililoipa umaarufu.

Wazo la awali lilikuwa marejesho ya mikopo. Nick Hughes wa Vodafone, Uingereza, alipata ruzuku ya serikali ya nchi hiyo kwa sharti kwamba kampuni nayo ichangie, kisha Susie Lonie akatumwa Nairobi kusimamia kazi. Safaricom ilileta mtandao wa simu, Commercial Bank of Africa ikashika fedha, na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, ikaleta wakopaji wake wa Thika, katikati ya Nairobi na Mathare. Mkopaji angelipa rejesho kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi, na kikundi nacho kisilazimike kuzipeleka benki.

Kuwachagua wakopaji kulikuwa na faida na kasoro. Mwenye mkopo ana tarehe ya kulipa, kwa hiyo miamala ingekuwepo tu, hata huduma ikiwa mbovu. Lakini mtu anayelipa kwa njia aliyoelekezwa na anayemdai hajathibitisha kwamba anaihitaji njia hiyo. Idadi ya marejesho, ambayo ndiyo iliyokusudiwa kupimwa, ilikuwa kipimo dhaifu kuliko vyote.

Kipimo cha kweli kilijitokeza kando. Wateja walianza kufanya mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Mmoja alimlipia mwenzake rejesho ili naye afanyiwe kazi fulani. Wafanyabiashara walilipana bidhaa. Wenye maduka makubwa kidogo waliweka mauzo ya siku kwa wakala jioni, benki zikiwa zimeshafunga, simu ikawa kasha lao la usiku. Wasafiri waliweka pesa mji mmoja na kuzitoa mwingine saa chache baadaye, wasiibiwe njiani. Mama mmoja, mumewe alipoporwa, alimtumia nauli ya kurudi nyumbani. Wengine waliwatumia jamaa wa mashambani salio la simu, na huko salio lilitumika kama fedha.

Hilo la salio halikuwa jipya. Kabla ya M-Pesa, watafiti walikuwa wameona watu wa Uganda, Botswana na Ghana wakitumiana muda wa maongezi badala ya pesa, na anayepokea akiuuza papo hapo. Kwa maoni yangu, huo ndio uliokuwa utafiti wa soko wenye uzito zaidi, na haukumgharimu mwenye kampuni hata senti. Ukimuuliza mtu kama angependa kutuma pesa kwa simu atakuitikia ndiyo, hasa ukiwa umemnunulia soda. Anayenunua vocha, akamsomea ndugu namba zake kwa simu, akijua kwamba ndugu huyo ataiuza kwa hasara, amekwisha kujibu swali bila kuulizwa.

Upande wa Faulu, mambo yalikuwa mazito. Mfumo wake wa hesabu haukuunganika na ule wa simu, hivyo wafanyakazi walihamisha taarifa kwa mkono. Pia wanachama walipoweza kulipa wakiwa popote, mkutano wa kikundi ulipoteza mvuto, ilhali dhamana ya mkopo inasimama juu ya watu kuonana uso kwa uso. Mteja mkuu wa wazo, yule ambaye mfumo ulibuniwa kwa ajili yake, ndiye aliyekuwa na sababu chache zaidi za kuutaka.

Uamuzi uliofuata ndio ninaouvulia kofia. Marejesho yaliwekwa kando, huduma ikapunguzwa hadi mambo machache: kutuma, kutoa, kununua salio. Tangazo la uzinduzi lilizungumzia kutuma pesa nyumbani, basi. Kabla mwaka 2007 haujaisha, waliojisajili walikuwa wamepita milioni 1.

Matokeo hayo hayakuvuka mipaka kirahisi. Vodacom ilipoileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mwanzo ulikuwa wa kusuasua, nchi ikiwa kubwa na mawakala wakiwa wametawanyika. Afrika Kusini huduma ilizinduliwa 2010 na kufungwa 2016. Huko watu wengi zaidi walikuwa na akaunti za benki, na waliotaka kutuma fedha kijijini walikuwa na kaunta za maduka makubwa ya vyakula. Swali lililojibiwa Thika lilikuwa la Kenya, na Afrika Kusini hawakuliuliza upya kabla ya kuzindua.